Kiingereza cha Santuri

Kiingereza cha Amolo kilikuwa na mwezi, nyota, machozi na mioyo iliyovunjika, lakini hakikuwa na mkate. Hakikuwa na kitunguu wala sabuni. Angeweza kumwambia mtu kwamba atamngojea mpaka bahari ikauke, tena kwa matamshi mazuri tu, ila ungemtuma kwenye duka la Mzungu akakununulie sindano angerudi mikono mitupu. Kosa halikuwa lake. Walimu wake walikuwa santuri, na santuri haziendi dukani.

Alikuwa mke wa Odero, fayamani wa reli, mtia makaa kwenye injini, na wawili hao walikuwa wamehamia mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kutoka landi za Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, wakafurahi kupata chumba chenye dirisha la kioo. Upande wa pili wa ukuta aliishi Kombo, mpishi wa Wazungu, na mkewe Salme. Kombo alifanya kazi kwa familia moja kule Kilimani mpaka ilipofunga virago kurudi Ulaya, na kwa kuwa haikutaka kubeba kila kitu, ikamwachia kinanda cha santuri na sanduku zima la nyimbo za mapenzi. Kombo mwenyewe hakuzijali. Salme ndiye aliyezipenda, akawa anakaanga vitumbua huku Mzungu analia ndani ya kinanda kwamba ameachwa.

Sasa, usidhani Amolo alijifunza Kiingereza kwa maringo. Alijifunza kwa hasira. Odero alikuwa na rafiki yake, Okoth, gadi wa treni ya Kisumu, mtu wa kwao. Okoth akija kutembea, wanaume hao wawili walizungumza Kijaluo vizuri tu: habari za kazi, habari za mvua, nani amefariki. Lakini mazungumzo yakikaribia tumbo la Amolo, ambalo miaka ilikuwa inapita halijabeba mtoto, mara waliruka wakaingia kwenye Kiingereza. Amolo aliyajua hayo kwa macho ya Okoth, yaliyokuwa yakimwangalia kisha yakakimbilia dirishani. Mtu anajadiliwa nyumbani kwake, na huyo huyo ndiye anayemimina chai. Mimi nasema hakuna dharau inayoizidi hiyo.

"Okoth anatumwa na watu wa nyumbani," alimwambia Salme. "Wanataka mume wangu aoe mwingine. Nami nakaa hapo nacheka kama mjinga."

"Basi jifunze lugha yao uwasikie," Salme akasema. "Shoga yangu, Kiingereza si hiki hapa, kimejaa sandukuni? Kazi yake kuimba tu mchana kutwa."

Wakaanza. Salme alizungusha mkono wa kinanda, sindano ikakaa, wimbo ukalia kidogo, kisha akainua sindano na wote wawili wakarudia walichosikia. Maana ya maneno walipewa na Gachanja, karani wa stoo ya kansili ya mji, Mkikuyu mpole mwenye miwani, ambaye mke na watoto wake walikuwa Murang'a na ambaye Jumapili alikuja kucheza drafti na Kombo mlangoni. Gachanja angeweza kuwa mwalimu. Alipotaka kumfundisha Amolo kusema yatakayokuja alitafuta wimbo wa ahadi. Alipotaka yaliyopita alitafuta wimbo wa mtu aliyekimbiwa, na za namna hiyo ndizo zilizokuwa nyingi sandukuni. Amri zote Amolo alizijua kutoka kwenye nyimbo za kubembeleza: njoo, kaa, nishike, usiende.

Wimbo alioupenda kuliko wote uliimbwa na watu wawili, mwanamke akiuliza na mwanamume akijibu. Mwanamke alisema: ukienda mbali, nani ataliita jina langu nyumba ikiwa tupu? Mwanamume akamjibu: nitaliita mimi, katika kila stesheni, popote treni itakaponipeleka, nitaliita mpaka nirudi. Kisha akalitaja jina la mwanamke huyo, mara moja tu, polepole. Amolo alisema sehemu ya mwanamke. Sehemu ya mwanamume iliachiwa Salme, aliyeisema kwa sauti nzito ya kukoroma mpaka wakacheka wakashika mbavu.

Jumapili moja Odero alifika akamkuta mkewe amesimama mbele ya Kombo na Gachanja akisema "dalingi", yaani mpenzi, kwa sauti ya juu, ili Gachanja amsahihishe. Odero alisalimia, akaingia kwake, akangoja.

"Hayo maneno nayajua," alimwambia Amolo mlango ulipofungwa. "Nayasikia kwa treni. Ni maneno ya wanawake wanaofuata soja. Nyar Uyoma, nisiyasikie tena mdomoni mwako."

Alimwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa sababu ndivyo mume alivyomwita mkewe kwao. Jina Amolo lilikuwa halijawahi kumtoka kinywani tangu amwoe. Wala hakukuwa na ubaya; kwao mtu hakumwambia mkewe kwamba anampenda, alimpeleka nyumbani kwa mamake na kumjengea nyumba, na mwanamke mwenye akili alielewa. Amolo alikuwa mwenye akili, lakini nyumba yenyewe ilikuwa haijajengwa bado, na Okoth alikuwa anakuja kila mara.

Basi akakubali kwa mdomo, na kwa miguu akakataa. Odero alifanya kazi usiku na kulala mchana. Amolo alimwandalia kitanda, akavuta pazia, akachukua kikapu na kusema anakwenda soko la Muthurwa. Alizunguka nyumba, akaingia kwa Salme. Walikifunika kinanda kwa blanketi, wakakaa karibu nacho, na wimbo ukalia kwa sauti ya chini upande huu wa ukuta huku Odero akikoroma upande ule. Jioni alipoamka na kuwekewa chai, aliuliza, "Soko lilikuwa na watu leo?"

"Wengi," Amolo akajibu.

"Nilifikiri hivyo," Odero akasema, akanywa chai yake.

Pasaka ya mwaka wa hamsini na nne Okoth alikuja na ujumbe, na safari hii hakuangalia dirisha. Alisema kwa Kiingereza, haraka haraka, na katikati ya maneno hayo Amolo akiwa ameshika birika alisikia mawili aliyoyafahamu barabara, maana nusu ya sanduku la Salme lilikuwa limejengwa juu yake. Maana yake: mwache. Okoth alimwambia Odero amwache. Odero akajibu jibu refu, kwa sauti ya kawaida, na katika jibu lote hilo Amolo hakuambulia hata neno moja. Alimimina chai ikajaa ikafurika kwenye kisahani. Odero alimwangalia, naye akasema birika lilikuwa moto.

Tangu hapo akawa mtu wa kuvunja vikombe. Kumuuliza Odero kungekuwa kukiri kwamba alijifunza alichokatazwa. Kunyamaza kulikuwa kula moto. Salme alimwambia, "Ngoja, la mume na mke halina haraka." Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayeambiwa uachwe.

Hayo yalikuwa hayajapoa Kaloleni ilipozingirwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Odero ndiyo kwanza arudi kutoka kazini. Malori yaliziba kila njia. Wanajeshi vijana wa Kizungu, wale ambao watu wa Kaloleni waliwaita majoni, walipita mlango kwa mlango pamoja na askari weusi wenye fimbo, na kipaza sauti kikaamuru wanaume wote waende kwenye uwanja ulio karibu na ukumbi wa mtaa. Kila mtu alijua kinachotafutwa. Ilikuwa ni vita ya Mau Mau, na serikali ilikuwa imeamua kuwachambua Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mji mzima kama mtu anavyochambua mchele. Wengine walionyesha vipande vyao vya utambulisho na kurudi nyumbani. Waliochambuliwa walichuchumaa kwa safu ndani ya seng'enge, wakingoja malori ya kwenda kambini, na kutoka kambini hakuna aliyejua walikwenda wapi.

Wajaluo hawakuwa na hofu sana. Kipande kikikosekana, mdomo ulitosha. Mjaluo alitolewa meno ya chini ya mbele angali kijana, na pengo hilo askari walilijua. Amolo mwenyewe alikuwa nalo. Lakini Odero alizaliwa katika shamba la kahawa la Kiambu alikofanya kazi babake, na mamake alikuwa mlokole asiyetaka kusikia mambo ya mila. Aliyaacha meno ya mwanawe kama Mungu alivyoyapanga. Kwa hiyo Odero alikuwa na meno yote, na Kikuyu alikisema kama maji.

"Fungua mdomo," askari mmoja mrefu alimwambia.

Odero akafungua.

"Mjaluo gani ako na meno mingi hivi? Kipande?"

"Iko kwa koti ya kazi. Koti nimesahau karakana."

"Leo kila mtu ni Mjaluo," askari akasema, "na kila kipande iko kwa koti." Akamsukuma ndani ya seng'enge.

Hata hapo pengine angepata mtu wa kumsikiliza. Lakini waliyemchuchumaza kando yake alikuwa Gachanja, na Gachanja kwa mshangao alimuuliza kwa Kikuyu, "Wewe nawe unafanya nini huku?" Hao wawili, kila walipokutana kwenye drafti, lugha yao ilikuwa Kikuyu, na Odero aliipenda kwa sababu ilimkumbusha utoto wake. Akajibu kwa Kikuyu bila kufikiri, kwa utamu wote wa Kiambu. Yule askari alikuwa bado hajageuka. Alisikia, akatabasamu, na shauri likawa limekwisha.

Habari zilimfikia Amolo mlangoni. Wanawake walikuwa wamekatazwa kutoka, lakini wengi walikuwa wameshafika kwenye seng'enge, naye akaenda mbio, Salme nyuma yake akishikilia buibui. Walimkuta Odero amechuchumaa mikono juu ya kichwa, na lori limeshafunguliwa nyuma.

Salme alianza yeye, kwa Kiswahili cha heshima. "Baba askari, nakuomba unisikilize. Yule pale ni jirani yangu, Mjaluo wa reli, na huyu ni mkewe. Nyumba yangu na yake ukuta mmoja."

"Mama, rudi kwa nyumba."

"Waulize majirani wote."

"Majirani wote ni waongo," askari akasema, na hakuwa amekosea sana. Asubuhi hiyo wanawake walikuwa wamejidai wake wa wanaume wasio wao ili kuwaokoa, na muda si mrefu kabla ya hapo wawili walimgombania mwanamume mmoja, kila mmoja akisema ni wake, na mwanamume mwenyewe akachanganyikiwa asijue amkubali yupi. Tangu hapo afisa wa pale alikuwa amekasirika.

Afisa huyo alikuwa kijana mwekundu wa jua, mgeni wa nchi, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alisikia kelele akaja. Alimuuliza askari jambo, askari akamjibu kwa Kiingereza. Amolo alitega masikio kama hajawahi kuyatega. Alisikia askari akisema: huyu mama hamjui yule mtu. Amolo alikuwa na hakika. Wimbo mmoja ulilia hivyo hivyo: hunijui tena, hujui machozi yangu, hutaki kunijua. Ni mara ngapi Salme alikuwa amerudisha sindano pale. Askari alikuwa amemtia Odero ndani kwa mkono wake, na hakutaka kuonekana amekosea mbele ya mkubwa wake. Kwa aibu ndogo kama hiyo mtu angepelekwa kambini.

Amolo akafungua mdomo. Hakuwa na neno lingine la kumwitia mtu kwa adabu, akasema lile alilokuwa nalo.

"Dalingi," alimwambia afisa.

Majoni waliangua kicheko, mmoja akapiga mluzi. Afisa alizidi kuwa mwekundu. Amolo aliendelea, maana angefanya nini? Alimwomba kwa Kiingereza asiuvunje moyo wake. Alimwambia kwamba atalia usiku na mchana. Kila alichosema kilikuwa kweli na kila alichosema kilisikika vibaya, na majoni walizidi kucheka, na afisa akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayejiuliza mwanamke huyu amezoeana na wanajeshi wa kambi gani.

"Nyamaza, shoga," Salme alimnong'oneza, akimfinya mkono. "Wanakufikiria vingine."

Nyuma yao mwanamke mmoja akasema, "Kumbe!" Neno hilo moja lilimchoma Amolo kuliko mluzi. Alimtazama Odero. Odero alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia udongo, na Amolo alijua anachofikiri, kwa sababu alikuwa amekisema siku ile mlango ulipofungwa. Ni maneno ya wanawake wanaofuata soja. Hivi sasa alikuwa anamwomba soja kwa maneno hayo hayo, mbele ya mtaa mzima, na mumewe aliambiwa wiki ile ile amwache.

Afisa aliinua mkono kunyamazisha watu wake. Akamwonyesha Odero kwa kidole, akamuuliza Amolo swali fupi. Amolo hakulielewa. Afisa akalirudia, akikazia neno la mwisho, na neno hilo hakuwahi kulisikia maishani mwake. Katika sanduku zima la Salme walikuwamo wapenzi, wachumba, warembo na wasaliti. Hakuwamo hata mmoja aliyekuwa ameoa.

"Anauliza kama ni mume wako," sauti ikasema kwa Kiswahili kutoka ndani ya seng'enge. "Mwambie ndiyo."

Alikuwa Gachanja. Watu wa kwenye safu walikuwa wamekatazwa kusema, naye alisema. Fimbo ya askari ilimpata begani, ya pili ikairusha miwani yake.

"Yes," Amolo akasema, lakini kulikuwa kumechelewa. Afisa alikuwa ameona anafundishwa la kujibu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka kudanganywa, akawapa ishara wa kwenye lori. Safu ikaamriwa isimame. Odero akasimama.

Hapo ndipo Amolo alipoogopa kwelikweli. Mpaka dakika ile alikuwa na hasira, na hasira humpa mtu miguu. Sasa alishika seng'enge, na miba ikamtoboa kiganja asisikie. Aliona wazi kosa lake. Alikuwa amechukua maneno ya mtu mmoja akampa mwingine. Maneno ya mapenzi hayana mkalimani, huambiwa mwenyewe. Nyimbo zote zile hazikuimbwa kwa mtu wa kando, na ndiyo maana kwa yule afisa zilikuwa matusi.

Akampa afisa mgongo. Akatembea kando ya seng'enge mpaka alipokuwa uso kwa uso na mumewe, na akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, kitu ambacho mke wa Kijaluo hamwambii mumewe hadharani wala faraghani.

"Ukienda mbali, nani ataliita jina langu nyumba ikiwa tupu?"

Mluzi haukupigwa. Odero alimwangalia. Kwenye safu watu walikuwa wanasogea kuelekea lori, aliyekuwa nyuma yake akamgusa asogee, naye hakusogea. Askari aliinua fimbo. Amolo alisema tena, na mara hii sauti ilimkatika katikati, kwa sababu sasa lilikuwa swali, na hakujua kama mtu huyu alikuwa bado anataka kuwa wa kulijibu.

Odero alilamba midomo. Kiingereza chake kilikuwa cha reli, cha ndiyo bwana na hapana bwana, cha breki na mvuke na hatari. Alisema kwa sauti bapa, kama anayesoma kibao cha stesheni, neno moja baada ya jingine, bila kukosa hata moja:

"Nitaliita mimi. Katika kila stesheni. Popote treni itakaponipeleka. Nitaliita mpaka nirudi."

Kisha, pale ambapo mwimbaji hutaja jina la mpenzi wake, Odero alisema, "Amolo."

Salme alijifunika uso kwa buibui akalia. Amolo hakulia. Alibaki amekodoa macho, kwa sababu sehemu hiyo hakuna aliyemfundisha Odero. Sehemu hiyo haikutoka ila kwa Salme na kwa kinanda chini ya blanketi, nyuma ya ukuta, wakati Odero amelala.

Afisa alikuwa amesimama palepale. Labda aliujua wimbo, labda alimkumbuka mtu. Mimi sitampamba, sikuwa moyoni mwake. Aliloliona ni hili, na lilitosha: hawa wawili walikuwa na jambo lao ambalo haliwezi kutungwa papo hapo na watu wasiojuana. Akaja karibu, akamwonyesha Amolo kwa ishara afungue mdomo. Akaliona pengo. Akamtupia askari maneno makali, askari akamshika Odero mkono akamtoa nje ya safu, bila kumwangalia, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Gachanja alikuwa ameshafika kwenye lori. Bila miwani alipapasa ngazi kwa mguu. Amolo alimkimbilia kwa upande wake wa seng'enge, akafungua mdomo kwa mara nyingine, afisa akamgeukia akingoja. Nakwambia alingoja. Wakati ule, pengine dakika ile tu katika siku nzima, Mzungu yule alikuwa tayari kumsikiliza mwanamke wa Kaloleni.

Amolo alitafuta. Alilipekua sanduku zima kichwani mwake, wimbo kwa wimbo. Alikuwa na nishike na usiende. Alikuwa na machozi na nyota. Kwa mtu ambaye si mpenzi wako, ambaye ni jirani tu, mwema tu, hakuwa na hata neno moja. Alikuwa na kwaheri, maana nyimbo zilijaa kwaheri, na hiyo hakutaka kuitoa. Afisa akangoja, kisha akageuka.

"Neno mume nilisahau kukufundisha," Gachanja akamwambia kwa Kiswahili kutoka juu ya lori, akikaza macho yasiyoona vizuri. "Halimo kwenye nyimbo zile. Mengine yote umesema sawa."

Lori likaondoka.

Odero na Amolo walirudi nyumbani. Amolo alimwekea mumewe maji ya kuoga, akaweka chai. Alimfunga Amolo kiganja kwa kitambaa, yeye Odero, kwa mikono ile ya makaa, na ndipo Amolo alipouliza.

"Ulijifunzia wapi?"

"Sokoni," Odero akasema.

Walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu kupitia dirisha la kioo waliiona drafti ya Kombo mlangoni, imepangwa kete za watu wawili. Okoth aliendelea kuja, na Kiingereza chake kilipoanza, Odero alimjibu kwa Kijaluo. Amolo hakuhitaji tena kuuliza jibu lile refu lilisema nini. Lakini usiku hakulala vizuri kwa muda mrefu, naye alijua sababu yake ni lori lile. Salme alipotaka kukipiga kinanda, Amolo alimwomba asikipige.

Mwaka uliofuata darasa la kina mama lilifunguliwa ukumbini, jioni. Mwalimu, mwanamke wa Maseno aliyeitwa Kezia, alimuuliza kila mmoja anataka kuanza na nini. Mmoja alitaka kununua vitu mjini, mwingine kumwelewa daktari. Amolo alisema anataka sentensi tatu tu. Kezia akaziandika ubaoni kwa Kiingereza, na wengine wakadhani ni mfano wa kitabuni.

Huyu ni jirani yangu. Hana kosa. Mwacheni.

Alizijua zote jioni ile ile. Odero alikuwa akimngojea nje, akakokota baiskeli pembeni yake, na njia nzima walizisema kwa zamu, mke akitangulia na mume akiitikia, mpaka wakafika mlangoni. Gachanja hakurudi Kaloleni. Amolo alizikumbuka sentensi hizo mpaka uzee wake, kwa matamshi mazuri kabisa, na hakupata mtu wa kumwambia.